Sindano ya mgongo yavuka mpaka, karatasi yabaki Wandegeya

KAMPALA. Mzigo unaotoka Kikuubo kwenda Kisumu au Bukoba huwa na karatasi zake. Ipo risiti ya duka, ipo orodha ya bidhaa, na kwa bidhaa za Afrika Mashariki ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, kipo cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Ofisa wa forodha akiuliza mali imetoka wapi, jibu liko mkononi.

Anayevuka bila karatasi ni mwenye mzigo. Asubuhi anadungwa sindano ya mgongo Kampala, jioni yuko ndani ya basi, alfajiri yuko nchi nyingine. Maumivu yakitulia, anahesabu kuwa habari imeisha. Lakini ziko sindano ambazo habari yake huanza wiki tatu, nne au hata saba baadaye, kwa homa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, mbele ya daktari asiyejua kwamba sindano iliwahi kudungwa.

Hatari hiyo ni adimu, ila ikitokea inaua au inaacha kilema. Na kwa mtu anayeishi safarini, kinachoamua kati ya kupona na kutopona mara nyingi ni kama kuna anayejua alidungwa nini, lini na wapi.

Kwa nini Wandegeya

Maumivu ya kiuno na mgongo ni maradhi ya kazi yetu. Anayekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha kutoka Nairobi kupitia Busia au Malaba, anayeinua marobota ya mitumba Owino, anayesukuma gunia la maharage Mutukula au Mpondwe, wote wanaujua mgongo unaokataa kunyooka asubuhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na linayataja kuwa sababu ya kwanza ya ulemavu duniani.

Mwenye maumivu akiwa Kampala, mara nyingi ataelekezwa Wandegeya. Ukipanda barabara ya Bombo kutoka katikati ya jiji, unafika kwenye njia panda hiyo yenye Chuo Kikuu cha Makerere upande mmoja na kilima cha Mulago upande wa pili. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago iko mwendo wa miguu, na makao makuu ya Wizara ya Afya yako jirani, barabara ya Lourdel. Ndiyo maana katikati ya wauza rolex na kuku wa kuchoma kuna famasi, kliniki, maabara na vituo vya picha za eksirei. Wako wataalamu waliobobea na wako wenye haraka ya kuhudumia foleni. Kwa msafiri mwenye saa tatu kabla ya basi kuondoka, si rahisi kuwatofautisha.

Msafiri naye huja na haraka yake. Hataki kuambiwa afanye mazoezi kwa wiki sita. Anataka kitu kitakachomfikisha nyumbani, na kwa watu wengi wa eneo letu kitu hicho ni sindano. Kidonge huonekana dawa ya mtoto. Sindano ndiyo huonekana tiba.

Sindano si moja

Watu husema tu “nimedungwa ya mgongo”, lakini maneno hayo yanabeba mambo yasiyolingana.

Ya kwanza ni sindano ya msuli, kwa kawaida makalioni, ya dawa ya maumivu kama diklofenaki au ya vitamini B. Haigusi mgongo kabisa. Ikidungwa vibaya inaweza kuleta jipu, au kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Madaktari wa mifupa Uganda wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi juu ya watoto waliopooza mguu baada ya sindano za kwinini makalioni, na Hospitali ya Kumi, mashariki mwa nchi, imewahi kuripoti watoto ambao misuli ya makalio ilikakamaa baada ya sindano nyingi.

Ya pili ni ya stiroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pamoja na dawa ya ganzi. Hudungwa ndani ya misuli ya mgongo au kwenye viungo vidogo vinavyounganisha pingili.

Ya tatu ni epidurali. Sindano hupita katikati ya pingili hadi kwenye nafasi nyembamba iliyo nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, na stiroidi humwagwa humo. Hii inahitaji chumba safi, daktari aliyefunzwa na, kwa kawaida, mashine ya eksirei ya kuonyesha ncha ya sindano iko wapi. Haifai kufanywa kwenye benchi nyuma ya kaunta ya dawa.

Kadiri sindano inavyokaribia uti wa mgongo, ndivyo kosa dogo la usafi linavyokuwa na gharama kubwa. Bakteria aina ya stafilokokasi huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Akisukumwa ndani na sindano, anaweza kutengeneza usaha kwenye nafasi ya epidurali, ukabana mishipa ya fahamu hadi miguu ikapooza. Anaweza kula diski na pingili. Vijidudu vikivuka utando, mgonjwa anapata homa ya uti wa mgongo. Na stiroidi yenyewe hupunguza nguvu ya mwili kupigana mahali pale pale ilipomwagwa, hivyo mdudu hupata nafasi ya kuzaliana huku mgonjwa akijisikia nafuu.

Sindano mpya, dawa chafu

Uganda ilijifunza mapema kuogopa sindano iliyotumika. Katika miaka ya 1990, utafiti wa Harriet Birungi ulionyesha jinsi familia nyingi zilivyotunza mabomba yao ya sindano nyumbani, kwa sababu ya UKIMWI na kwa kutoamini vifaa vya vituo vya afya. Mwaka 2015, WHO ilipotangaza sera ya dunia ya sindano salama zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo kuchaguliwa, pamoja na Misri na India. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza hadi watu milioni 1.7 homa ya ini aina ya B, na hadi 33,800 virusi vya UKIMWI.

Somo hilo limeingia. Leo mteja wa kliniki husubiri aone pakiti ya bomba jipya ikichanwa mbele yake, kisha anatulia. Lakini bomba jipya halisafishi dawa iliyochafuka. Swali ambalo wengi hawaulizi ni la kichupa: kimefunguliwa lini, na nani mwingine ametolewa dawa humo?

Mwaka 2012, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza matukio mawili ya aina hiyo. Katika kliniki ya maumivu huko Arizona na katika kliniki ya mifupa huko Delaware, vichupa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja viligawanywa kwa wagonjwa kadhaa ili dawa isipotee. Wagonjwa kumi walilazwa kwa maambukizi makali ya stafilokokasi, na mgonjwa mwingine wa Arizona alikutwa amekufa nyumbani kwake.

Siku 47

Mwaka huo huo likaja tukio kubwa zaidi. Septemba 2012, daktari mmoja wa Nashville, jimbo la Tennessee, alitoa taarifa kwa idara ya afya ya jimbo juu ya mgonjwa aliyekuwa na homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kuvu, kitu kisicho cha kawaida kabisa kwa mtu mwenye kinga nzuri. Mgonjwa huyo alikuwa amedungwa stiroidi ya epidurali kwa maumivu ya mgongo wiki chache kabla.

Idara ya afya haikuishia kwa mgonjwa mmoja. Iliita kliniki, ikataka orodha ya wote waliodungwa, ikakuta wengine wanaumwa. Namba za toleo zilizoandikwa kwenye vichupa zikawapeleka hadi kiwanda cha kuchanganya dawa kiitwacho New England Compounding Center, mji wa Framingham, Massachusetts. Vichupa zaidi ya 17,000 vya matoleo matatu vilirudishwa. Watu wapatao 14,000 waliokuwa wamedungwa dawa hiyo walitafutwa, wengi kwa simu, mmoja mmoja. CDC ilihesabu wagonjwa 753 katika majimbo 20, na vifo 64. Mkuu wa kiwanda, Barry Cadden, alifungwa.

Kuna namba moja katika tukio hilo ambayo kila msafiri angepaswa kuikumbuka. Kutoka siku ya sindano ya mwisho hadi ugonjwa kutambuliwa, muda wa kati ulikuwa siku 47, na wapo waliofika miezi minane. Bomba zilikuwa mpya. Wadungaji walikuwa madaktari. Dawa ndiyo ilikuwa imeota kuvu. Walionusurika walifikiwa kwa sababu majina yao, simu zao na toleo la dawa vilikuwa vimeandikwa mahali.

Mpaka unapokatiza habari

Mtu anaweza kusema hiyo ni Marekani, nchi moja yenye sheria moja. Basi tutazame Matamoros, mji wa Mexico unaopakana na Brownsville, Texas. Watu huvuka daraja kwenda kutibiwa huko kwa sababu bei ni nafuu, kama vile watu wetu wanavyovuka kufuata daktari au dawa ya bei nafuu.

Mei 2023 iligundulika kuwa wateja wa kliniki mbili za upasuaji za mji huo, waliopewa dawa ya ganzi kwa njia ya epidurali, walikuwa wanarudi nyumbani na homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kuvu aina ya fusariamu. Kliniki zilifungwa Mei 13. Hao hawakuwa wagonjwa wa mgongo, lakini sindano iliingia mahali pale pale. Walipougua walikuwa tayari upande wa pili wa mpaka, na hospitali ya kwanza waliyokwenda haikuwa na sababu ya kufikiria kuvu. Nchi mbili zilibidi zibadilishane orodha za majina na kuwatafuta watu zaidi ya mia moja. Zaidi ya kumi walikufa.

Sasa hamishia jambo hilo kwenye njia zetu. Mfanyabiashara wa Goma, Juba au Mwanza amedungwa Wandegeya. Baada ya mwezi, akiwa nyumbani, anaanza homa na kichwa. Kwanza atapimwa malaria, na ni sawa. Kichwa kikiendelea na shingo ikikakamaa, daktari mzuri wa eneo hili atafikiria kifua kikuu cha utando wa ubongo, au kuvu ya kriptokokasi inayowapata zaidi wenye virusi vya UKIMWI, kwa sababu hayo ndiyo anayoyaona mara nyingi. Jipu la epidurali au mdudu wa sindano hayumo kwenye orodha yake ya kwanza, isipokuwa aambiwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na anayeficha sindano ni wale wale, iwe kwa aibu, kwa kusahau, au kwa kudhani ya mwezi jana haina uhusiano.

Ugonjwa uliokuwapo kabla

Katika nchi zetu kuna hatari nyingine. Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zote zimo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Hushuka kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole, kikianza kama maumivu ya kawaida ya mgongo, mara nyingi bila kikohozi. Wafanyabiashara wa mifugo na wanywaji wa maziwa mabichi wana mgeni mwingine, brusela, ambaye naye hupenda mgongo na viungo.

Mwenye moja ya magonjwa hayo akidungwa stiroidi, maumivu yanaweza kupoa kwa wiki mbili huku ugonjwa ukisonga mbele. Ndiyo maana mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua mwili unahitaji vipimo kwanza. Anayetoa sindano ya mgongo bila kuuliza maswali hayo ameruka hatua.

Je, sindano inahitajika?

Kwa maumivu mengi ya mgongo, hapana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulisema wazi kuwa sindano za mgongoni zisitolewe kwa maumivu ya kawaida ya kiuno. Epidurali ibaki kwa maumivu makali mapya yanayoshuka mguuni. Februari 2025, jopo la wataalamu lililochapisha mwongozo katika jarida la BMJ lilikwenda mbali zaidi, likishauri dhidi ya sindano hizo kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani, kwa kuwa faida yake ni ndogo au haipo. WHO, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, iliweka mbele mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kuendelea na shughuli.

Hayo si maneno matamu kwa mtu anayetakiwa kuwa sokoni kesho. Lakini yanampa swali la haki la kuuliza kabla ya kutoa pesa: maumivu yangu ni ya aina gani, na sindano hii inanisaidia kwa muda gani?

Ukiamua kudungwa

Nenda kituo chenye leseni inayoonekana ukutani. Duka la dawa la kawaida lina kibali cha kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Kudunga mgongo si kazi yake. Kichupa kifunguliwe mbele yako na kiwe chako peke yako. Ngozi isafishwe kwa dawa, mdungaji anawe mikono na avae glavu safi. Kwa epidurali avae na barakoa, kwa sababu mate ya mdungaji yamewahi kupeleka bakteria kwenye uti wa mgongo wa wagonjwa.

Sema ukweli wako. Mwenye kisukari aseme, kwa kuwa stiroidi hupandisha sukari. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonavir aseme pia, kwa sababu zikikutana na baadhi ya stiroidi za sindano humwachia mgonjwa madhara mazito ya homoni. Mwenye homa, kidonda au jipu popote mwilini asidungwe siku hiyo.

Kisha dai karatasi. Iandikwe tarehe, jina na simu ya kituo, jina la aliyedunga, jina la dawa na kipimo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na sehemu ya mwili iliyodungwa. Kama hawana fomu, iandikwe kwenye daftari la shule. Piga picha ya kichupa kwa simu na umtumie mtu wa nyumbani, ili simu ikiibwa kwenye stendi ya mabasi habari isipotee nayo.

Kwa miezi miwili na zaidi, jihesabu uko kwenye uangalizi. Maumivu ya mgongo yanayorudi kwa nguvu baada ya kupoa, kichwa kisichokoma, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, homa au baridi, uvimbe wa moto mahali pa sindano: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe: hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Kutokuwa na homa kusikutulize, kwani majipu mengi ya mgongo huanza bila homa. Usinunue viuavijasumu dukani kujaribu bahati, maana hufunika dalili na kumchelewesha daktari. Sentensi yako ya kwanza kwake iwe: nilidungwa sindano ya mgongo tarehe fulani, Kampala, na karatasi hii hapa.

Simu moja

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya kazi ya maana juu ya mambo haya. Tangu 2012 mamlaka za dawa za nchi wanachama zina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, na mabaraza ya madaktari yamekuwa yakikagua vyuo vya tiba kwa pamoja. Dawa na daktari wanaanza kutambulika kuvuka mpaka. Faili la mgonjwa wa kliniki ya kawaida bado linabaki kwenye droo pale lilipoandikwa, kama liliandikwa.

Hadi hilo libadilike, anayeunganisha pande mbili ni mgonjwa na familia yake. Ukigundulika na maambukizi baada ya sindano, mwombe daktari atoe taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi uliyopo, na wewe au ndugu yako mpige simu kituo ulichodungwa. Usiipige ili kugombana, ipige kwa sababu kichupa au toleo lililokudhuru huenda liliingia kwa wengine siku ile: mwenye duka wa Busia, dereva wa Elegu, mama wa Katuna, ambao bado wanaendelea na safari zao wakidhani wamepona. Tennessee, hesabu ya wagonjwa 753 ilianza kwa daktari mmoja aliyetoa taarifa juu ya mgonjwa mmoja.